Spoki

Umeå, Desemba. Jua hutoka saa tatu u nusu
na kabla ya saa nane limeshaaga,
kama mgeni aliyeacha gari likinguruma nje.
Sisi wa ghorofa ya chini ya hospitali
hatulioni likija wala likienda.
Tuna sumaku yetu, na kugonga kwake,
kama fundi bati anayedai malipo ya mwezi jana.

Miaka kumi na tisa nimesema neno moja: tulia.
Nimewaambia watoto. Nimewaambia walevi.
Nimemwambia baba mmoja aliyelia kimyakimya,
na kilio, hata kisicho na sauti, hutikisa kichwa.
Tulia dakika saba. Umesogea? Tunaanza upya.
Picha zilirudi na mizimu:
jicho la tatu, jicho la nne,
yamejipanga nyuma ya fuvu kama foleni ya mkate.
Nasi kwenye fomu tukajaza:
mgonjwa hakutoa ushirikiano.

Hakutoa ushirikiano!
Kana kwamba mtetemo ni ubishi.

Kosa lilikuwa letu, la kusoma.
Mashine ilikisoma kichwa mstari kwa mstari,
kama mtoto anayefuata maneno kwa kidole;
kitabu kikivutwa kidogo, ameshapotea.
Eskil ndiye aliyeleta gurudumu.
Alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye barafu,
akaingia suruali imechanika gotini,
akachora spoki ubaoni hata koti hajavua.
Kila spoki, alisema, hupita kitovuni.
Kila ikipita huuliza: bado upo hapo?
Kichwa kikihama, kitovu kitasema,
nasi tutageuza hesabu, tusimgeuze mtu.
Na spoki chache zatosha; zilizobaki tutazikisia,
kama unavyolijua neno lililotafunwa na panya.
Dakika saba zikawa moja na ushei.
Kwenye karatasi.
Kwenye karatasi kila kitu hukimbia.

Majira mawili ya theluji tulipiga picha tikiti maji
lililofungwa kamba, Eskil akilivuta kutoka chumba cha pili.
Tuliona mbegu zimeongezeka maradufu. Tuliona ukungu.
Siku moja tulilila.

Kisha akaja Bi Torborg Näslund, miaka sabini na minane,
arobaini kati ya hiyo kwenye kinanda cha kanisa,
kidevu kikitetema, mkono wa kulia ukihesabu sarafu zisizokuwepo.
Mara tatu tulishamrudisha nyumbani.
Aliomba radhi kabla hajavua saa.
Leo, nikamwambia, tikisika utakavyo.

Akalala. Na mtetemo ukakatika,
kama redio mbovu ikimwona fundi.
Picha ikatoka safi, safi kabisa,
tukatazamana: hii ni kazi ya nani?

Eskil akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.
Bibi, tafadhali, usitulie.
Sijapata kulisikia neno hilo humo ndani.
Kimya. Halafu: Nifanyeje, sasa?
Piga kinanda, akasema.
Na chini ya blanketi, ndani ya soksi za sufu,
vidole vya miguu vikaanza kutafuta pedali,
kisigino, ncha, kisigino,
kichwa kikifuata, kulia, kushoto,
na kidevu, kikiona ngoma imeanza, kikarudi.

Kwenye skrini kitovu kiliyumba. Spoki zikakifuata.
Dakika moja, sekunde arobaini.

Vile vyumba viwili vya maji katikati ya ubongo,
vimetandaza mbawa, kingo zake kali.
Hakuna jicho la ziada.
Kisogoni, karibu na shingo, bado pana doa,
kama glasi iliyofutwa kwa haraka.
Eskil akaweka kidole juu yake muda mrefu.
Hapa bado, akasema. Nikaandika: hapa bado.
Kwenye nafasi ya ushirikiano nikaandika: alisogea.

Alipokuwa akifunga kamba za viatu, mkono ukimsumbua,
aliniuliza kama ameharibu.
Nikafungua mdomo,
na lililotangulia ulimini, kwa mazoea ya miaka,
lilikuwa lile neno.
Nikalimeza. Nikapiga magoti, nikamfungia kiatu.